Tundu la Mwisho la Mkanda

Kwenye benchi la kliniki ya moyo, wagonjwa wenzangu huniangalia mkono wa kushoto kabla hawajaniangalia uso. Pale kwenye kifundo cha mkono pana alama iliyozunguka kama bangili, mahali nyeupe, mahali nyeusi. Mmoja huuliza, "Mzee, ulifungwa kamba?" Mwingine, mwenye adabu zaidi, huanza na shikamoo, kisha huuliza kama niliungua. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, na pumzi yangu siku hizi si ya kuchezea. Kwa hiyo naandika. Aliyevimba miguu, anayelala kwa kuketi, aliyenunuliwa kitu cha kumpima na wanawe wakamwambia atulie, huyo ndiye ninayemwandikia.

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu nikaingia timboni kuchonga mawe ya kujengea, na tindo ndiyo iliyonilea. Nilianza nikichonga mawe ya watu, nikaja kuchonga yangu, nikanunua lori. Nyumba nyingi hapa kijijini kwetu Barani zimesimama kwa mawe yaliyopita mikononi mwangu. Nalisema kwa kujisifu, kwa nini nisijisifu? Lakini moyo unavyofanya kazi sitawaeleza, sijui. Daktari alinichorea kwenye karatasi, nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Nilichoelewa ni kwamba wangu umepanuka, umekuwa kama mfuko uliobebeshwa mzigo mwaka baada ya mwaka, hausukumi tena, na maji yanabaki mwilini.

Ugonjwa ulinijia na mvua za masika. Kwanza viatu vilinikataa. Kisha nikawa siwezi kupanda kutoka shimoni timboni bila kusimama nikijifanya naangalia mawe. Kisha mto mmoja haukutosha, nikaweka wa pili, wa tatu, mwisho nikawa nalala nimeegemea ukuta kama mtu anayengoja gari. Mke wangu, Kadzo, alibonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Pakabaki shimo. Akaliangalia lile shimo, akaniangalia mimi, akaenda kutoa nguo zangu za safari.

Tulienda hospitali Kilifi. Nilipewa kidonge cha mkojo na vingine vya rangi rangi. Nikaambiwa chumvi basi, maji kwa kipimo, na kila asubuhi nijipime uzito, kwa sababu maji yakirudi mwilini, mizani hujua kabla ya mtu kujua. "Nunua mizani, mzee," daktari akasema. Alikuwa mwanamke wa bara, bado kijana, Kiswahili chake cha haraka haraka. "Na kila mwezi urudi hapa nikuone." Nikasema vyema.

Maji yalitoka. Nilikojoa mpaka nikaona haya. Miguu ikarudi kuwa miguu.

Sasa nifike kwenye saa iliyoniachia alama hii. Nilikwenda mjini Malindi kutafuta mizani, kweli kabisa. Mwenye duka alikuwa mtu mzima, kilemba kichwani, maneno mengi. Nikamwambia nataka mizani ya kupimia mtu.

"Mizani ya nini, mzee wangu?"

"Moyo."

Akacheka. "Mizani yapima gunia. Moyo wataka kupimwa kwa mizani?" Akafungua kabati, akatoa saa nyeusi yenye mkanda wa mpira, akanifunga mkononi bila ruhusa. Nyuma yake pakawaka taa za kijani. "Hii yapima moyo wenyewe. Yapima presha. Yapima pumzi, usingizi, hatua unazotembea. Na si ghali kama zile za watalii."

"Na uzito?"

"Mzee, wataka kuonana na mwenye nyumba au wataka kuhesabu mabati yake?"

Mimi ni mtu wa biashara na najua maneno ya kuuzia. Lakini kioo kilikuwa kinaonyesha moyo mdogo mwekundu unaodunda, na chini yake namba, sabini na nane. Niliuona moyo wangu. Mwezi mzima nilikuwa nautafuta kwa kiganja kifuani na siupati, na sasa uko juu ya mkono wangu, unadunda, mzima. Tukashindana bei kidogo kwa ajili ya heshima, nikalipa. Mizani nikaisahau.

Siku zile za kwanza ilikuwa kama sherehe. Kwetu mzee akiugua watu huja kumjulia hali, hukaa uani, hunyamaza, huuliza, hunyamaza tena. Sasa walikuja na jambo la kufanya. "Hebu tuone saa yasemaje." Namnyooshea mkono, nabonyeza, taa zinawaka, wanahesabu pamoja. Sabini na nane! Wanapiga kofi. Wengine wakataka kupimwa wao. Jirani mmoja alipimwa, akaambiwa presha yake ni ya kijana, akaenda zake akitembea kama kijana.

Binti yangu mkubwa, Dama, anafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa Mariakani. Alikuja, akaiunganisha ile saa na simu yangu, na simu yangu na yake, kwa namna ambayo sijui na sitaki kujua. Tangu hapo moyo wangu ulikuwa unasomwa Mariakani. Yeye ananyanyua kreti za maziwa, huku ananiangalia. Alikuwa akipiga simu kunipongeza. "Baba, leo umelala vizuri."

"Nimelala vibaya."

"Saa yasema vizuri."

Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwenye maneno hayo matatu.

Ile saa ina tabia ya kutetemeka. Ukikaa sana inatetemeka, inakwambia simama. Ukitembea inatetemeka, inakupongeza. Maandishi yake ya Kizungu. Nilikuwa matangani kwa rafiki yangu, nimekaa na wazee wenzangu, mchungaji anaomba, mkono ukatetemeka na kulia kama nyenje. Shemeji yangu, Katana, ndugu yake Kadzo, yuko karibu nami. Sisi huitana mulamu, na mulamu hana huruma. "Marehemu akuita," akaninong'oneza. Nilicheka kwenye msiba wa watu. Kucheka kulinikata pumzi, nikatoka nje nikashika nguzo ya turubai, na pumzi haikurudi upesi.

Hiyo ilikuwa kusi imeanza, upepo wa baridi. Nilijua. Mwili wangu nimeutumia tangu utoto kubeba mawe, naujua unapochoka na naujua unapoharibika. Mito ikarudi mitatu. Kikohozi kikaja. Nikamwambia Kadzo, "Maji yanarudi." Kadzo akampigia Dama. Dama akaangalia simu yake.

"Baba, moyo sabini na nane. Presha nzuri. Pumzi tisini na nane. Ni hii baridi ya kusi. Na unakaa sana kwenye kile kiti, ndiyo maana miguu inavimba."

"Dama, siwezi kumaliza ua bila kusimama."

"Saa yasema jana umetembea vizuri kuliko juzi."

"Ni mimi ninayezama au ni saa?"

"Baba, usijitie wasiwasi. Wasiwasi ndio unaopandisha moyo."

Siku ya kliniki ilipofika, lori lilikuwa na kazi, Kahindi, mwanangu anayeliendesha, akasema, "Baba, si tunaona namba zako? Twende mwezi ujao." Mwezi ujao pia kukawa na kazi. Mimi niliyezoea kusema neno moja watu ishirini wakainama kushika mawe, nilisema naumwa nyumbani kwangu, nikasomewa namba.

Nataka mwenzangu unayesoma uelewe hapa. Walinipenda. Dama alikuwa akiamka kabla ya zamu yake kuangalia moyo wangu. Hakuna aliyenitupa. Lakini kitu chenye taa kikisema uko sawa, na mzee akisema anakufa, watu watamwamini nani? Na baya zaidi, mimi mwenyewe nilianza kuamini kile kitu. Naketi kitandani, kifua kimejaa kama niliyekunywa kisima, nabonyeza saa, inaonyesha sabini na nane. Nasema, basi labda ni uoga. Labda ndio uzee wenyewe. Nikaanza kuona haya kwa kuumwa.

Mkanda wa saa ulikuwa na matundu. Mwanzo niliufunga tundu la ndani kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekonda. Asubuhi moja ukanibana. Kadzo akaulegeza tundu moja. Baada ya muda ukabana tena, akaulegeza. "Kitu rahisi hiki," akasema, "jasho limeufanya mpira unywee, ukawa mfupi." Nikakubali. Nimevaa viatu vya mpira maisha yangu yote timboni, na vya bei rahisi hunywea. Akaulegeza tena. Tulikuwa tumeinama wawili juu ya ile saa kila asubuhi, yeye anahangaika na mkanda, mimi naangalia namba.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya jua, mchana mweupe. Tulikuwa na mzigo wa mawe wa kupeleka Bofa, kwenye hoteli iliyokuwa inaongeza vyumba. Kahindi hakutaka niende. Nikamwambia, "Saa si yasema nitembee?" Nilisema kwa hasira. Kupanda lori nilisukumwa matako kama mbuzi.

Tulipofika nikashuka kuhesabu mawe. Mhindi msimamizi akanisalimu, nikataka kumjibu, maneno hayakuwa na upepo wa kuyabeba. Nikaegemea mawe. Yalikuwa mawe mazuri, yamechongwa pembe sawa. Kifua kikaanza kutoa sauti ya chungu kinachochemka, mdomoni mwangu kukaja povu. Na mkono ukatetemeka. Kahindi aliponifikia alidhani ni mimi ninayetetemeka. Ilikuwa ni saa. Alikuja kuniambia baadaye ilichokuwa imeandika. Ilikuwa inanipa hongera, nimetimiza hatua za siku.

Walinipakia kwenye lori lilelile, juu ya vumbi la mawe, kwa sababu ndani sikuweza kuketi. Nashukuru kwamba Bofa ni karibu na Kilifi. Ingekuwa Malindi singeandika haya.

Hospitalini nakumbuka vipande. Barakoa ya hewa. Mkasi ukipasua shati. Muuguzi anatafuta mshipa, mkono wa kulia hapati, anashika wa kushoto. "Mvueni saa." Akajaribu. Haikutoka. Nyama ilikuwa imepanda pande zote mbili, mkanda umezama, ngozi chini yake imelowa na kuoza. Akachukua mkasi uleule, akaingiza ncha chini ya mpira, akaukata. Nilisikia maumivu hayo kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Kadzo alifika jioni kwa matwana ya abiria. Siku ya pili Dama akaja kutoka Mariakani na viatu vya kazini. Daktari wangu, yule wa bara, akasimama mwisho wa kitanda, saa yangu mkononi. Hakuwa akiangalia kioo. Alikuwa ameunyoosha mkanda uliokatwa, anapapasa matundu kwa kidole. Tundu la kwanza lilikuwa limetanuka kwa kutumika. La pili nalo. La tatu. Na la mwisho, lilikuwa limepasuka ukingo.

"Nani alikuwa anamlegezea huu mkanda?"

"Mimi," Kadzo akasema. "Ulikuwa unanywea."

Daktari akauweka mkanda taratibu kitandani.  Kisha akasema, "Mama, mkanda haukunywea."

Kadzo akauchukua, akaupima kwenye mkono wake mwenyewe, akaurudia, kama anayetaka daktari awe amekosea. Akauweka. Akaenda kusimama dirishani, akajifunika leso kichwa chote. Kilichokuwa kinaniua tulikuwa tumekishika kwa vidole kila asubuhi, tukaangalia kwingine. Dama akawa anasema, "Lakini namba zilikuwa nzuri, daktari, ninazo zote hapa, hebu tazama." Anamnyooshea simu. Daktari hakuitazama. Dawa ilitakiwa iongezwe tangu kusi inaanza, akasema, angeniona angeongeza, na akatoka, ana wagonjwa wengine.

Nililala pale mpaka kusi ikalegea. Nilitiwa mpira wa mkojo, na maji yangu yakapimwa kwenye jagi kama maziwa. Niliruhusiwa kikombe kidogo tu cha kunywa kwa mchana mzima. Kiu hiyo siwezi kuieleza. Niliona bomba la nje kwa dirisha na nikamchukia kila aliyelifungua. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Bwana Salim, fundi cherehani wa mji wa kale Malindi, moyo kama wangu, ustaarabu wote. "Ndugu yangu," akaniambia, "usikigombe kikombe, utashindwa. Omba ndimu." Alikuwa na kipande cha ndimu kwenye kitambaa, akanikatia. Ukikiweka ulimini, mate yanakuja yenyewe, kiu inadanganyika. Alinipa kila siku, na kila alipotoa aliuliza kwanza, "Yafaa nikukaribishe?" Asubuhi moja nilipelekwa kupimwa uzito, niliporudi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya. Ndimu yangu ya siku hiyo ilikuwa juu ya kikabati changu, imeshakatwa. Niliiweka mpaka ikakauka.

Katana akaja kuniona, na papai kubwa la shambani kwake. Saa ilikuwa kwenye kikabati, mkanda vipande viwili. Akaigeuza, taa za kijani zikawaka. Akaikandamiza juu ya papai, akaifunga kwa kipande cha bendeji, akangoja, uso mkavu kama daktari.

"Mulamu," akasema, "lina sabini na nane."

"Acha mchezo."

"Njoo uone! Presha nzuri. Hongera, papai, umelala vizuri."

Wodi nzima ilicheka, mpaka waliokuwa na barakoa. Mimi nilicheka nikishika mbavu, machozi yananitoka. Kisha nikamwona Dama. Alikuwa ameishika simu yake, moyo mwekundu unadunda pale kwenye kioo, na alikuwa analia bila sauti. Alikuwa amelilinda papai. Miezi yote ile, kabla ya jua kuchomoza, kule Mariakani. Nikamwita, "Njoo, mama." Akaja akaweka kichwa karibu na mguu wangu, nikamshika kichwani kwa mkono uliofungwa bendeji.  Katana alilimenya lile papai taratibu, akaligawa wodini, hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Sasa ni kaskazi, msimu wa joto, niko nyumbani. Sijapona, moyo huu haurudi kuwa ulivyokuwa, niliambiwa wazi na nashukuru kuambiwa wazi. Timbo analisimamia Kahindi. Mawe anayochonga ni mabaya, pembe hazilingani, naona kwa mbali na sina la kufanya. Mizani ilinunuliwa, iko chumbani, napanda kila asubuhi, na kliniki sikosi. Ewe mwenzangu, nunua mizani. Na ukisema unaumwa wasikusikie, sema tena. Mimi nilisema, sikusema tena ya kutosha.

Lakini Kadzo hakuridhika na mizani, kwa sababu nayo ina taa. Siku ya kwanza tuliporudi alikuja na uzi mweusi, akapiga magoti mbele ya kiti changu. Wanawake wetu humfunga mtoto mchanga uzi kiunoni, ukimkaza wanajua amenenepa, ukimlegea wanajua anaugua. Wanangu wote walifungwa. Akashika kifundo cha mguu wangu.

"Kadzo, mimi si mtoto."

"Nyamaza."

"Watu wakiona watasema nini? Mzee mzima na uzi."

"Watasema ana mke." Akakata uzi kwa meno, akafunga fundo. "Ile saa nililegeza mimi. Huu hakuna atakayeulegeza."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, anakuja. Mimi niliyepasua mawe naketi nimenyoosha mguu kama mwali. Anaingiza kidole chini ya uzi, anakizungusha polepole, kichwa ameinamisha, namwona utosi tu na mvi zake. Siku nyingine kidole kinapita. Siku nyingine kinakwama, na siku hiyo tunafunga safari ya Kilifi. Siwezi kuharakisha kile kidole. Nashika mikono ya kiti, nangoja ainue uso.